Ziara ya baiskeli ya "Maisha ya Jenerali" pale Tanga: nimeenda, makalio yanauma, nawapa nyota tatu

Jina la kampuni silitaji maana ni vijana watatu tu wanajitafutia na mengi nitakayosema hapa yanarekebishika, ila ukifika Tanga ukaona tangazo la ziara ya baiskeli ya asubuhi moja kuhusu Jenerali Lettow, yule Mjerumani aliyeongoza jeshi la koloni huku kwetu vita ya kwanza ya dunia, utajua ndo hao hao.

Ilivyokuwa ni kwamba tulikuwa Tanga kwenye harusi ya shemeji yangu, sasa mume wangu ni mgonjwa wa vita, yani huyu mtu ukimpa upenyo atakueleza vifaru vya Mrusi mpaka wali upoe, akaliona hilo tangazo pale mapokezi tulipofikia. Elfu 35 kwa Mtanzania, baiskeli na maji ndani. Akalipia ya wawili bila kuniuliza, afu ndo ananiambia tunakutana stesheni ya reli saa kumi na moja na nusu alfajiri. Siku moja baada ya harusi! Nikamwambia mi siamki. Nikaamka.

Nianze na kizuri kabisa kwasababu kiukweli kipo, na hicho peke yake kingeweza kubeba nyota tano.

Kiongozi wetu, kijana mmoja mpole mwenye kofia ya Coastal, alitukusanya watu sita gizani akasema hakuna tochi, hakuna simu, hakuna kuongea, tunaendesha taratibu mpaka tuione bahari. Basi. Hakuelezea kitu. Tukaondoka hivo hivo, unasikia cheni tu na majogoo, na Tanga si unaijua, mji wa baiskeli, hata wale wa kwenda kuchukua samaki wakawa wanatupita wanatushangaa. Tulipofika Bustani ya Jamhuri, pale kwenye saa ya Mjerumani unapoitazama ghuba yote chini, akatusimamisha. Bandarini kulikuwa na meli moja imewasha taa zote. Akaninong'oneza, "Dada, hesabu meli." Nikamwambia moja. Akasema, "Zidisha mara kumi na nne."

Afu ndo akaanza kueleza. Kwamba usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Novemba 1914 huyu Paul von Lettow-Vorbeck alishuka kwenye treni iliyotoka Moshi, hakushuka stesheni, alishuka kama kilomita sita nje ya mji maana hakujua nani kaushika, akachukua baiskeli, yeye na ofisa wake mmoja anaitwa Hammerstein, wakaingia Tanga gizani. Mji kimya. Wakapita mitaa mitupu mpaka karibu na bandari, na chini yao wakaona meli za Waingereza zimewaka taa kama harusi, watu wanashushwa. Mtu anayeongoza jeshi zima la koloni yuko yeye mwenyewe juu ya baiskeli anahesabu meli za adui. Aisee nywele zilisimama. Sijawahi kulipia kitu cha historia kikaniingia namna ile, na hakikuhitaji skrini wala spika, baiskeli na giza tu.

Na alitueleza vizuri kwanini meli zilikuwa pale. Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita kabisa, aliona koloni haliwezi, bora Dar na Tanga zibaki bandari wazi zisipigwe mizinga. Lettow ambae alikuwa amefika tu Januari mwaka ule ule akawa hamsikilizi, yeye hesabu yake ilikuwa nyingine: kwamba hili koloni litachukuliwa siku moja hata afanye nini, ila kila mwanajeshi wa Muingereza atakayeletwa huku ni mmoja aliyepungua kule Ulaya. Ugomvi wa hao wawili uliendelea miaka minne, wakati mwingine wakiwa kwenye kambi moja. Tarehe 2 manowari ya Kiingereza Fox ikaingia, nahodha akamuita mkuu wa wilaya Auracher akampa saa moja asalimishe mji, afu eti akamuuliza, je bandarini mmetega mabomu? We unategemea ajibu nini? Hakukuwa na bomu hata moja, ila Waingereza wakapoteza muda wanafagia bahari, na huku Auracher kashapiga simu ya waya Moshi. Kijana alipofika hapa alicheka mwenyewe, na sisi tukacheka, maana ni swali la kumuuliza mwenye nyumba kama mbwa wake anang'ata.

Kutoka hapo jua likawa linatoka tukaelekea Raskazone, ndo waliposhukia Waingereza. Njia ni nzuri, kivuli, upepo wa bahari, hamna kilima cha kukutoa roho. Tukapita Bombo, pale kwenye lile jengo la zamani la hospitali ya Mjerumani, tukasimama kupiga picha. Hapa ndo mume wangu akaanza.

Kijana anasema "Jenerali akaamuru, Jenerali akapanga", mume wangu akanyosha mkono kama mwanafunzi: "Mdogo wangu, siku ile alikuwa na cheo gani?" "Jenerali, kaka." "Hapana, luteni kanali." Kimya. Na kweli alikuwa luteni kanali, ujenerali ulikuja mwishoni mwa 1917 wakati ameshafukuzwa karibu koloni lote. Mnaweza kuona ni kitu kidogo ila kwa ziara yenye jina hilo si kidogo, kwasababu ukimuita jenerali toka mwanzo unaifuta hadithi yenyewe, kwamba aliyeshinda Tanga alikuwa ofisa wa cheo cha kati mwenye watu kama elfu moja, na aliyekuja kumpiga ndo alikuwa jenerali, Aitken, mwenye watu kama elfu nane. Nilimfinya aache kumuaibisha kijana wa watu. Hakuacha.

Nyuki sasa. Ukienda Tanga utauziwa nyuki, hilo jiandae. Kwa kifupi, mchana wa tarehe 4 Waingereza wakasogea kutoka Raskazone kupitia mashamba ya mkonge na mipira, jua la Novemba, wengi wao askari wa Kihindi ambao wamekaa melini toka katikati ya Oktoba walipoondoka Bombay, wanatapika, wengine hawajawahi hata kupigana vita. Miti ile ilikuwa na mizinga ya nyuki imetundikwa. Risasi zikapasua mizinga, nyuki wakashuka. Kijana akasema sentensi moja ambayo naamini kaitunga mwenyewe na niliipenda sana: "Waingereza walikuja na mizinga ya meli, wakashindwa na mizinga ya asali." Sawa. Ila akaongeza kwamba Wajerumani walikuwa wamewafundisha nyuki na kuwafunga kamba za kutegulia, na hapo nikasema hapana bwana. Nyuki hana upande. Waliuma pande zote mbili, hata upande wa Wajerumani kuna waliokimbia bombomu zao, yani bunduki za rashasha, kwasababu ya nyuki. Uzushi wa nyuki wa kutegwa ulianzia kwa Waingereza wenyewe maana ilikuwa nafuu kusema tumeshindwa na hila kuliko kusema tumeshindwa.

Kilichowashinda ni watu. Ni zile kombania za askari, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine, waliokaa kwenye bonde la reli upande wa mashariki wa mji na nyumba zake, na zile zilizozunguka ubavuni jioni zikapiga kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Na kuna sehemu moja nzuri kuliko nyuki ambayo kijana aliiruka kabisa, nikaipata kwa mume wangu tukiwa tunakunywa maji: usiku ule baada ya mapigano, tarumbeta ililia na kombania za Lettow zikaelewa vibaya, zikarudi kambini magharibi ya mji. Tanga ikabaki tupu. Usiku mzima mji haukuwa na mwenyewe, na Waingereza walioko karibu tu hawakujua, walikuwa wanajipanga kukimbia. Asubuhi ya tarehe 5 wakapanda meli zao wakaacha kila kitu ufukweni, bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu, risasi laki sita, bombomu 16, simu, makoti, kila kitu. Mpaka siku ile askari wengi wa Lettow walikuwa na bunduki za mwaka 1871 zile zinazotoa moshi mzito, ukipiga moja tu adui anajua umekaa wapi. Baada ya Tanga, Muingereza ndo kamvalisha. Waingereza waliouawa na kujeruhiwa walizidi 800. Sasa hii ya mji mtupu mnaiachaje nyie vijana? Hii ungeisimulia pale pale stesheni, gizani, watu wangelipa mara mbili.

Makaburi ya Sakarani tulikaa muda mrefu na nawasifu kwa hilo, hawakutukimbiza. Ni sehemu ya utulivu, nyasi, mawe ya zamani, waliokufa Novemba ile wamelazwa hapo, Wajerumani na askari. Sakarani ni jina la utani la Kapteni Tom von Prince aliyeuawa siku ile ile, na jina lenyewe kwa Kiswahili cha zamani ni mlevi, wenyeji walimwita hivo toka enzi za vita vyake vya bara, huyu ndo alikuwepo Kalenga 1894 ngome ya Mkwawa ilipovunjwa. Kijana alijua hilo, na alijua mpaka shamba lake la Usambara kule karibu na Soni ambalo mpaka leo linaitwa Sakharani na lina watawa. Hapa alikuwa vizuri. Akasema lakini kwamba Jenerali pia kazikwa hapo, upande ule wa ukuta. Mume wangu akanitazama. Mi ndo nikasema safari hii: mdogo wangu, yule mzee kafa Hamburg 1964 na kazikwa Ujerumani huko huko, Pronstorf. Kijana akasema, "Dada, mi niliambiwa hivo na aliyenifundisha." Nikamuonea huruma. Kosa si lake peke yake.

Sasa malalamiko yenyewe.

Ziara inaitwa Maisha ya Jenerali. Mimi nililipia maisha. Nilichopewa ni siku tatu. Saa tatu na nusu juu ya baiskeli kuhusu siku tatu za Novemba 1914, afu tulipofika nje ya makumbusho ya Urithi, lile boma la zamani, kijana akatoa simu akasoma kwa dakika kama kumi miaka mingine yote 90 na kitu ya yule mtu, haraka haraka kama anayesoma masharti ya mkopo. "Akapigana mpaka 1918, hakuwahi kushindwa, akarudi kwao shujaa." Mwisho. Picha ya pamoja. Asanteni kwa kuja.

"Hakuwahi kushindwa" nilihesabu, kalisema mara sita. Jamani. Kuna timu inaweza kusema haijafungwa kwasababu kila ikizidiwa inahama uwanja. Miezi miwili tu baada ya Tanga, Januari 1915, alishinda Jasini, huko huko mpakani kaskazini ya Tanga, sio mbali, mngeweza hata kutuonyesha kwenye ramani. Alishinda ila alitumia risasi laki mbili na akapoteza maofisa aliokuwa hawezi kuwapata tena, akapiga hesabu akaona akishinda mara chache zaidi namna hii amekwisha. Hapo ndo alipobadilika kuwa yule anayesomwa kwenye vyuo vya kijeshi mpaka leo, wa kuvizia, kulipua reli ya Uganda, kupiga na kuondoka. 1916 akaja Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, na jeshi kubwa kutoka Afrika Kusini, Moshi ikaondoka Machi, Tanga yenyewe Julai, Dar Septemba, Tabora wakaichukua Wabelgiji mwezi huo huo. Huyo ndo hajashindwa? Alichofanya ni kutokamatwa, na hiyo nayo ni kazi, siipunguzi, mpaka Mahiwa kule Lindi Oktoba 1917 aliwaumiza Waingereza kupita kiasi halafu mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kwasababu hakuwa na risasi wala dawa, akaishi kwa kuwapora Wareno maghala yao mwaka mzima karibu, akarudi tena, na siku zile vita vinaisha Ulaya yeye alikuwa maeneo ya Kasama, Zambia ya leo. Habari za amani kazipata kwenye barua ya adui. Tarehe 25 Novemba 1918 akasalimisha silaha Abercorn, sasa hivi panaitwa Mbala, Wazungu 155 na askari 1,168. Wiki mbili baada ya dunia nzima kumaliza.

Hizo ni dakika ngapi za kusimulia? Ishirini. Ungetuweka chini ya mti na chai ukatuambia.

Na kabla ya Tanga je? Hakuna neno. Yule mtu alizaliwa 1870, alifika kwetu ana miaka 43, jicho la kushoto halioni vizuri, hilo jicho liliharibikia wapi? Namibia, 1906. Alikuwa huko kwenye makao ya von Trotha, yule yule aliyetoa amri ya 1904 ya kuwamaliza Waherero, jambo ambalo Ujerumani yenyewe 2021 imekubali kuliita mauaji ya kimbari. Mbinu za porini alizotumia huku wenzetu walimfundisha kule kwa damu yao. Sijasema mgeni aharibiwe asubuhi yake, ila ukiniuzia "maisha" usinikatie nusu ya kwanza. Na alivyorudi kwao akapita na farasi Berlin Machi 1919 watu wanashangilia, mwaka uliofuata kajiingiza kwenye jaribio la kupindua serikali, lile la Kapp, akatolewa jeshini. Akawa mbunge kidogo, 1928 mpaka 1930. Vita ya pili ikamchukulia watoto wake wa kiume wote wawili. 1953 karudi huku mzee kabisa kusalimia askari wake. Kafa zimebaki siku 11 atimize 94. Mwaka ule ule ndo bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha askari wa zamani walipwe malimbikizo yao, na inasimuliwa kwamba Mwanza walikuja wazee mamia wengi wao hawana cheti chochote, basi mtu wa benki akawa anawapa fagio mmoja mmoja anawaamrisha kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na hakuna mzee aliyekosea. Miaka hamsini karibu. Hii hadithi kijana hakuijua, nilipomsimulia akanyamaza akaniambia, "Dada, hiyo naiweka."

Sasa kilichotuokoa siku ile ni kitu ambacho hakimo kwenye ziara.

Pale nje ya Urithi kuna benchi, na alikuwepo mzee mmoja na kikombe cha kahawa, sio wa kampuni, mtu tu wa mtaani. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee," "Marahaba wanangu, mmetoka kwa Mjerumani?" maana anaziona hizo baiskeli kila Jumamosi. Akatuuliza kama tumeambiwa habari za Amani. Hatukuambiwa. Akatueleza kwamba vita vilipofunga bahari dawa ya malaria ikakata, basi wataalamu wa Kijerumani pale Amani, juu ya Muheza, wakawa wanatengeneza kwinini kutokana na magome ya miti waliyoipanda wenyewe, na baadae walipoipoteza Amani wakawa wanachemsha magome porini wanakunywa maji yake machungu, Wazungu wakaipa jina la utani la pombe ya Lettow. Mzee akakunja uso pale kuonyesha uchungu wake kama aliyekunywa jana. Na Tabora wakagonga pesa yao wenyewe 1916, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, nje ya hapo wakawa wanachapa noti kwenye karatasi lolote. Hivi ndo vitu. Jeshi linakula nini, linajitibu na nini, linalipana na nini. Dakika kumi za yule mzee zilikuwa na vita ndani kuliko simu nzima ya kijana wetu.

Halafu mume wangu akamuuliza kama kwao kulikuwa na askari. Akasema hapana, kwao walikuwa wapagazi. Baba wa mama yake alichukuliwa maeneo ya Handeni wakati Wajerumani wanarudi nyuma, akabebeshwa sanduku la risasi. "Jina la mkubwa wao hakuwahi kulijua," akasema, "sanduku ndo alikuwa analijua." Akaonyesha begani, pale lilipokaa. Alitoroka akiwa njiani kuelekea Rufiji, akarudi kwao kwa mguu, mdogo wake aliyechukuliwa nae hakurudi.

Mi baada ya hapo sikuwa na hamu ya picha ya pamoja. Maana hesabu ziko wazi, kwa kila mtu mwenye bunduki kulikuwa na wengine kadhaa wenye mzigo wa kilo 25 mpaka 30, pande zote mbili, wapagazi wa Waingereza peke yao waliokufa wanakadiriwa karibu laki moja, na sio kwa risasi, kwa kuhara na njaa na homa. Kariakoo ya Dar tunayoenda kununua viatu jina lake ni hao hao, kikosi cha wabebaji. Na Ugogo ambako majeshi yalipita yakachukua ng'ombe na nafaka na mvua ikakataa, ile njaa mpaka leo wazee wanaiita Mtunya. Ziara nzima ya masaa manne neno mpagazi halikutajwa hata mara moja. Mara moja! Kaburi la Kapteni tumekaa nusu saa.

Simlaumu kijana hapa. Nawalaumu waliomuandikia karatasi. Kijana mwenyewe ana kipaji, ile ya kutuendesha gizani haikuandikwa popote, ni akili yake, na alivyomsikiliza yule mzee niliona hakuwahi kumsikiliza kabla, miaka yote wanapita nae benchi moja. Alikaa chini kabisa, kofia mkononi. Mwishoni akamuomba namba ya simu.

Haya, ya matumizi sasa kwa wanaotaka kwenda. Maji wanayotoa ni chupa moja ndogo kwa kichwa, haitoshi, jua la Tanga ikifika saa nne si mchezo, beba yako. Chai haimo, tulijinunulia wenyewe vitumbua njiani na wakatusubiri bila kununa. Muda waliosema ni masaa matatu, tumetumia manne na zaidi, ukiwa na basi la mchana usithubutu. Makumbusho kiingilio unalipa mwenyewe mlangoni na hawakusema mapema, kwa hilo wajirekebishe. Wanaoogopa baiskeli wasiogope, ni tambarare, kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kwenye kundi letu kamaliza bila kushuka. Kwa watoto chini ya miaka kumi sidhani, makaburi yatawachosha.

Bei naona ni halali. Elfu 35 kwa ile nusu saa ya kwanza tu ni halali.

Nyota tatu, moja ya giza, moja ya Sakarani, moja ya kijana. Mbili nimezizuia mpaka wabadilishe jina liwe Siku Tatu za Tanga, au wabaki na hilo jina wampe yule mzee wa kahawa posho awe kituo cha mwisho rasmi, na nimewaambia hivo hivo usoni. Mume wangu yeye kawapa tano, eti kwasababu kapata mtu wa kubishana nae.

Baiskeli zenyewe ni zile mitumba za Kijapani zenye kikapu mbele. Breki ziko sawa, siti ndo msiba, wekeni hata mto. Mkifika msichukue ile nyekundu yenye kengele kubwa, inavutia kwa macho ila cheni inatoka kila ukipiga pedeli kwa nguvu, mi ilinitoka mara nne, ya mwisho pale pale mlango wa makaburi, nikaingia kwa Kapteni Sakarani na mikono imejaa grisi.